Makala yako ikienda kwa wahakiki wa jarida la sheria

Wadogo zangu mnaoanza kutuma makala kwenye majarida ya sheria, kwanza jueni unatuma wapi. Marekani majarida mengi ya vyuo yanaendeshwa na wanafunzi wenyewe, Harvard Law Review ya tangu 1887 ikiwemo, na huko kutuma makala moja kwenye majarida kibao kwa mpigo ni kawaida tu. Ila kwenye majarida yanayotumia wahakiki, yaani wasomi wenzako, unatuma sehemu moja unasubiri jibu, ukipeleka na kwingine kimyakimya wakigundua umejiharibia.

Ikifika, mhariri anaipitia kwanza mwenyewe na nyingi zinaishia hapohapo, mara nyingi kwa sababu mtu kasimulia sheria inasemaje mwanzo mpaka mwisho bila kusema yeye anadai nini. Ikivuka inaenda kwa wahakiki, kwa kawaida wawili, hawakujui na wewe huwajui. Sasa mtu anafuta jina pale juu anaona kamaliza, kumbe tanbihi inasema "kama nilivyoeleza katika makala yangu" na jina lake hilo hapo, au limebaki kwenye taarifa za faili la Word. Jitaje kama unamtaja mtu mwingine.

Halafu ni miezi, na mahakama hazikusubiri wewe. Ile hukumu uliyojengea hoja ikitenguliwa kwenye rufaa makala ikiwa bado kwa wahakiki, mwandikie mhariri mapema, usingoje waigundue wao.

Maoni yakirudi ndo kazi yenyewe. Mmoja anataka upunguze historia ya kifungu, mwenzake anasema haitoshi, sasa usihangaike kuwaridhisha wote, hao wanashauri tu, anayeamua ni mhariri na yeye anasoma barua yako ya majibu. Iandike hoja kwa hoja, mhakiki kasema hivi, nimebadilisha hivi, ukurasa huu. Usichokubali kijibu kwa kesi au kifungu, hasira baki nazo nyumbani. Na ukiambiwa "marekebisho makubwa" usinune, bado wanaitaka hiyo (wengi wanasusa hapa, sijui kwa nini).

Ikikataliwa kabisa, usikimbilie kutuma faili lilelile kwingine. Wabobezi wa mada moja huwa wachache, makala inaweza kuangukia kwa mhakiki yuleyule akakuta hata mkato hujagusa.