Priampu ya Mtumba Ndani ya Gita la Besi: Usiinunue Bila Jeki Yake

Gita langu la besi ni nakala ya Jazz Bass ya Fender yenye pikapu (vinasa-sauti vya nyuzi) mbili za kawaida zisizotumia betri. Lilinitosha kwa mazoezi ya nyumbani, lakini katika kumbi ambamo waya wa kutoka jukwaani hadi kwenye mikisa ni mrefu, sauti zake za juu zilififia kabla ya kufika kwa wasikilizaji. Priampu ya ndani hutibu tatizo hilo, kwa sababu hupokea mawimbi dhaifu ya pikapu na kuyatoa yakiwa na nguvu ya kuhimili waya mrefu, na zaidi ya hapo humwezesha mpigaji kuongeza au kupunguza besi na trebo kwa mkono wake. Mtindo huu ulienea sana baada ya Music Man kutoa gita la StingRay mwaka 1976, likiwa na priampu inayotumia betri ya volti 9. Priampu mpya za chapa zinazosifiwa ni ghali, na ndiyo maana wengi wetu huishia kununua iliyong'olewa kwenye gita jingine.

Ushauri wangu mkubwa kwa mnunuzi ni kwamba asikubali kupewa bodi ya saketi peke yake, hata kama chapa yake ina jina kubwa. Aitake pamoja na potenshiometa zake (vidhibiti vya kuzungusha), waya wa betri na jeki (tundu la kuchomekea waya wa gita), vikiwa bado vimeungana. Rangi za waya hutofautiana kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine, na bodi nyingi zimefunikwa kwa gundi ngumu nyeusi, hivyo huwezi kuifuata saketi kwa macho wala kuitengeneza ikiungua. Jeki ikiwepo, unayo ramani. Ni jeki ya stirio yenye miguu mitatu: mguu wa ncha hupokea sauti inayotoka, mguu wa shina ni ethi (waya wa ardhi), na mguu wa pete huunganishwa na waya hasi wa betri. Unapochomeka waya wa kawaida wa gita, shina lake hugusa pete na ethi kwa pamoja, na priampu inawaka, ukiuchomoa, inazimika. Kwa hiyo mwenye kuacha waya umechomekwa usiku kucha asilaumu betri.

Kabla ya kugusa gita, ijaribu mezani. Hakikisha kwa multimita ni waya upi chanya na upi hasi, kwa maana priampu isiyo na dayodi ya kinga inaweza kufa mara tu betri ikigeuzwa. Kisha pitisha umeme wa betri ndani ya multimita iliyowekwa kwenye kipimo cha miliampea. Priampu nyingi hutumia chini ya miliampea 2. Ukisoma makumi ya miliampea, kuna shoti, mrudishie mwenyewe. Inayotumia miliampea 1 itakaa kwa saa mia kadhaa kwenye betri nzuri ya alkalini. Betri za bei rahisi sizipendekezi, si kwa sababu ya kuisha haraka tu, bali kwa sababu huvuja na kula vishikizo vya chuma. Muuzaji akikuambia kwamba inakubali volti 18, tazama maandishi kwenye kapasita (vihifadhi chaji vya bodi): zile zilizoandikwa 16V si za kuwekewa betri mbili.

Potenshiometa nazo zinataka umakini. Kidhibiti cha sauti kinachokaa kati ya pikapu za kawaida na priampu kinapaswa kuwa cha kilo-ohmu 250 au 500, ilhali kinachokaa baada ya priampu mara nyingi ni cha 25. Ukikiweka hiki cha 25 mbele ya pikapu za kawaida, sauti za juu zitamezwa na utaidhani priampu ni mbovu. Kwa sisi wa pwani, hewa ya chumvi huzifanya potenshiometa zilizokaa muda mrefu zikwaruze. Dawa ya kusafishia vifaa vya umeme huzirejesha nyingi, na isiporejea, nunua nyingine yenye thamani ileile.

Kazi ya kufunga yenyewe si ndefu. Piga picha ya nyaya za zamani kabla ya kuzing'oa. Chomelea kwanza ethi za migongo ya potenshiometa, zinazohitaji moto mwingi, ndipo uunganishe nyaya nyembamba za bodi kwa mguso mfupi wa solda. Waya unaokwenda kwenye chuma kinachoshikilia nyuzi uache palepale, kwani ukikatika gita litanguruma. Shimo la vifaa la Jazz Bass ni finyu, na betri ina urefu wa karibu milimita 48, kwa hiyo pima kabla ya kuchomelea chochote, na kama mbao zinahitaji kuchimbwa, mpe seremala mwenye mashine. Funga bodi kwa tepu ili isiguse foili ya shaba kama imebandikwa ndani ya shimo, na betri uizungushie sponji.

Mimi niliongeza swichi ndogo inayoziruka saketi zote za betri na kupeleka pikapu moja kwa moja kwenye jeki. Betri ikichoka, sauti huanza kukwaruza na kupungua, na swichi hiyo huniwezesha kumaliza wimbo bila kusimama.