Wadogo zangu wa CSV, njooni hapa

Juzi kijana mmoja kanijia mbio: "Kaka, API imekufa!" Haijafa. API ni mlango ambao programu moja huomba kitu kwa nyingine; yeye kaipiga rikwesti (maombi) 2,000 bila kuipumzisha, nayo ikamjibu 429, yaani punguza kasi mdogo wangu. Nikacheka, kisha nikakumbuka ya kwangu nikanyamaza. Haya, mnaoanza na Postman, programu ya kujaribu API:

1. Rikwesti zipeane nafasi. Kwenye Newman, yaani Postman ya mstari wa amri, ni --delay-request, namba ni milisekunde.

2. Anza na mstari mmoja wa data ya CSV, lile faili la jedwali linalolisha rikwesti. Mmoja! Na CSV ya namba za simu usiifungue kwa Excel, italamba ile sifuri ya mwanzo.

3. Soma vichwa vya safu za CSV. Hapa naomba nikae.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa API ya SMS za kuwakumbusha wateja madeni. Nikaazima CSV ya mkubwa wangu, mistari 300, nikajaza safu ya deni: 999,999 kote. Mazingira (seti ya anwani na thamani ndani ya Postman) nikachagua ya majaribio, nikahakikisha mara tatu. Nikabonyeza. Kijani, kijani, kijani. Nilikuwa napiga picha skrini nimtumie bosi, simu ikaita. Dada wa huduma kwa wateja: "Nyie, nani anawadai watu usiku huu?"

Kumbe ndani ya faili mlikuwa na safu ya base_url, yaani anwani zinakotumwa rikwesti, nayo ilikuwa ya seva ya laivu, ya wateja wa kweli. Jina likigongana, data ya faili huishinda ya mazingira. Sikujua. Nikafunga laptopu kwa nguvu, kana kwamba SMS zitarudi.

Kesho yake nikapewa orodha nipige simu za kuomba radhi. Wengine walinitukana, hao hawakunisumbua. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa upole kama anaweza kulipa kidogo kidogo. Hakuwa anadaiwa hata senti. Nilimweleza mara nne.

Tangu hapo rikwesti yangu ya kwanza huchapisha pm.variables.get("base_url") kwenye konsoli, yaani anwani itakayotumika kweli, nami huisoma kwa sauti. Nichekeni tu.

4. Jibu la 200, yaani imefaulu, peke yake si ushahidi, fungua jibu usome ndani.

5. Kwenye Newman weka --bail, jaribio la kwanza likifeli kazi isimame.

Yule wa 429 nimemsomea yote haya. "Poa kaka." Nimechungulia skrini yake sasa hivi: nafasi bado ni 0.