Kioo cha tangi la plaiwudi: mm 6 au mm 12?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeunda tangi la samaki kwa plaiwudi ya marine board ya mm 18. Ndani lina urefu wa sm 180, upana sm 60 na kimo sm 60. Mbele nimekata dirisha la sm 170 kwa 50. Muuza vioo ananiambia kioo cha mm 6, kile cha madirishani, kinatosha kwa sababu mbao ndizo zinazobeba maji. Jirani naye ana kioo cha juu ya meza cha mm 10, ananiachia kwa nusu bei, nikikate. Nichukue kipi? Nimeshaahidiwa mbuna, wale samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, kutoka Kyela.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Usichukue chochote kati ya hivyo viwili.

Mbao zinabeba maji, kweli, isipokuwa pale ulipozikata. Hapo kinachobeba ni kioo peke yake. Tangi likijaa hadi juu, dirisha lako linasukumwa kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 255 hivi, usiku na mchana. Upana wa tangi hauongezi wala haupunguzi kitu. Kinacholeta nguvu hiyo ni kina cha maji. Ndiyo maana mimi humuuliza mtu kimo kabla ya kumuuliza lita.

Hili nililijua kwa hasara. Tangi langu la kwanza lilikuwa la sm 120 na kimo cha sm 50, nikaweka kioo cha mm 5 kwa ushauri wa muuzaji. Usiku wa pili nikasikia mlio mmoja, kama kijiti kikavu kinavunjwa. Asubuhi lita 300 zilikuwa sakafuni, na ufa umepita katikati kutoka juu hadi chini. Sikutaka tena kusikia neno "kinatosha" kutoka kwa mtu asiyelala chumba kimoja na tangi.

Kwa dirisha lako, mm 10 ndiyo mwanzo. Mimi ningenunua mm 12 na kulala.

Kile cha meza, kitazame pembeni. Ukiona chapa ndogo iliyochomwa kwenye kona, basi kimeimarishwa kwa moto. Kioo cha namna hiyo hakikatwi wala kutobolewa: fundi akijaribu, chote kinageuka punje punje mikononi mwake. Hata kisipokuwa na chapa, kioo cha meza kimeburuziwa sahani miaka mingi. Pitisha ukucha, ukikwama kwenye mkwaruzo, kiache. Ufa huanzia hapo.

Agiza kioo cha kawaida kipya cha sm 178 kwa 58, kikalie mbao sm 4 kila upande. Kabla hujalipa, pima unene wewe mwenyewe kwa kalipa, kwenye kona zote. Kisha piga magoti utazame kingo kwenye mwanga. Zikiwa na vibanzi vilivyomeguka wakati wa kukata, mwambie akate kingine. Zikiwa safi, azisage ili zisikukate vidole. Rangi ya kijani ukingoni isikutishe, vioo vingi viko hivyo.

Kioo kinakaa kwa NDANI ya tangi, ili maji yakisukume kuelekea kwenye mbao. Ukikibandika kwa nje, unaitegemea gundi peke yake. Na hakikisha kinapita juu kabla hujafunga mbao za kukaza. Nimeona watu wakibomoa kazi nzuri kwa hilo. Gundi iwe silikoni tupu, isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuua ukungu, maana dawa hiyo inaua samaki. Acha tabaka la mm 3 hivi kati ya kioo na ubao. Ukikandamiza sana unaikamua yote.

Kioo hicho cha mm 12 kina uzito wa kilo 31, kwa hiyo nendeni wawili, na kwenye gari kisimame kwa ukingo juu ya blanketi. Kikilazwa, shimo moja la barabarani linakimaliza.

Gundi ikae siku 7. Halafu jaza tangi nje ya nyumba, robo kwa siku, ukifuta maungio kwa karatasi kavu kila asubuhi. Mbuna waambie wakae Kyela kwanza.