Albamu ya Marvin Gaye iliyochukuliwa kabla hajaimaliza

Mhariri, mmetuuliza wiki hii tutaje albamu moja ya mwimbaji anayesimama peke yake ambayo kampuni yake iliiingilia, wasikilizaji wakaipita, na tueleze kwa nini irudiwe leo. Jibu langu ni In Our Lifetime ya Marvin Gaye, mwimbaji wa soli wa Marekani, iliyotolewa na kampuni yake ya kurekodi, Motown, Januari 1981.

Najua wengi watashangaa, maana Marvin si mtu wa kusahaulika. Redio zetu bado zinampiga usiku, na hata vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya kifo chake wanaujua Sexual Healing. Lakini ukiuliza alifanya nini kati ya ile albamu ya talaka ya 1978 na wimbo huo wa 1982, utajibiwa habari za madeni, kokeini na kukimbilia Ulaya. Kana kwamba kwa miaka minne hakugusa kinanda. Alikigusa, tena sana. Kazi ya miaka hiyo ndiyo hii albamu, na sababu kubwa ya kutojulikana kwake ni jinsi ilivyofika dukani.

Lazima nianze nyuma kidogo, kwa sababu ugomvi wa Marvin na kampuni yake haukuanzia hapa. Berry Gordy, mwanzilishi wa Motown, alikuwa bosi wake na pia shemeji yake, kwani Marvin alimwoa Anna Gordy mwaka 1963. Motown ya Detroit ilikuwa na watunzi wake, wapigaji wake, studio yake, na kikao cha kila wiki cha kuamua kipi kitoke na kipi kibaki kabatini. Mwimbaji aliimba alichopewa. Marvin alipoleta What's Going On mwaka 1970, Gordy hakuutaka. Marvin akagoma kurekodi kitu kingine chochote. Wimbo ulipotoka Januari 1971 ukauzika upesi kiasi kwamba Gordy huyohuyo akamtaka alete albamu nzima, na haraka. Ushindi ule ulimfundisha Marvin kwamba akishikilia msimamo, kampuni itarudi nyuma. Kwa miaka kadhaa hesabu hiyo ilimlipa.

Kisha likaja la talaka. Yeye na Anna walipoachana, makubaliano yakawa kwamba Anna alipwe dola 600,000, sehemu kubwa ikitokana na mapato ya albamu ambayo Marvin alikuwa hajairekodi. Akaenda studio akaimba ndoa yao yote, kwa majina na hasira, akaiita Here, My Dear. Ilitoka Desemba 1978 na haikuuzika. Kwa Motown hiyo ilikuwa hasara, tena kutoka kwa mtu ambaye mwaka 1977 tu alikuwa amewapa Got to Give It Up, wimbo wa dansi uliofika namba moja Marekani. Walichotaka sasa kilieleweka: warudishiwe yule Marvin wa mapenzi, wa kuchezeka, wa kuuzika.

Akajaribu kuwatii. Mwaka 1979 alianza albamu aliyoipa jina Love Man, nyimbo za mwanamume anayejinadi kwa wanawake, na wimbo wa kwanza, Ego Tripping Out, ukatolewa mwaka huohuo. Usikilizeni kwa makini. Anajigamba toka mwanzo, anajisifu kwa kila kitu, halafu katikati ya majigambo anapenyeza ombi kwamba hofu yake igeuke kuwa nguvu, kwa sababu unga na moshi havitamtosheleza. Mimi naona mtu aliyekuwa anavunjika hapohapo mbele ya maikrofoni. Wimbo haukufika mbali, na Marvin mwenyewe akaiondoa albamu kabla haijatoka.

Wakati huo studio yake ya Los Angeles ilikuwa imekwenda na madeni, serikali inamdai kodi ya mamilioni ya dola, na ndoa yake ya pili, na Janis Hunter, inavunjika. Akaenda Hawaii. Kuna kipindi aliishi kisiwani Maui ndani ya gari lililokuwa la kusambazia mikate. Mwaka 1980 akapata ziara ya Uingereza, na ziara ilipokwisha hakurudi kwao. Akabaki London, akafungua tena zile kanda za Love Man katika studio ya Odyssey.

Hapo ndipo kazi ilipogeuka kuwa kazi kweli. Midundo ya Love Man aliibakiza kwa sehemu kubwa, lakini maneno aliyafuta akaandika mengine. Yule mwanamume wa kujinadi akaondoka, akaingia mtu anayeogopa kwamba dunia itateketea kwa mabomu ya nyuklia kabla hajapatana na Mungu wake. Katika Life Is for Learning anaeleza kwamba Mungu na Shetani wote wawili humtumia mwanamuziki, kila mmoja akiwa na nyimbo zake za kupenyeza. Katika Love Me Now or Love Me Later nguvu mbili, njema na ovu, zinabishana juu ya kuumbwa kwa mwanadamu. Na haya yote hayaimbwi kwa mtindo wa kanisani. Yanaimbwa juu ya fanki inayochezeka, besi nene, makofi, tarumbeta. Praise, unaofungua albamu, unaweza kupigwa harusini na hakuna atakayetambua kwamba ni sala.

Wanaosema albamu hii haieleweki inataka nini, nadhani hawajampa nafasi. Marvin alikuwa mtoto wa mhubiri. Alilelewa kanisani na baba aliyempiga, akaishi kwa kuimba mambo ya kitandani, na hakuna siku aliyoamua abaki upande gani. Hata jalada linasema hivyo: Marvin wawili wamechorwa wakitazamana mezani, mmoja malaika, mmoja ibilisi. Sijui albamu yake nyingine inayoyaweka mambo haya mawili uso kwa uso bila kumpendelea mmoja. What's Going On inauliza kuhusu nchi yake. Hii inauliza kuhusu yeye, kisha kuhusu sisi sote, na jina alilolichagua lilikuwa na alama ya kuuliza mwishoni: je, ni katika uhai wetu huu?

Motown haikumsubiri amalize. Kanda zikafika ofisi za Motown Los Angeles bila idhini yake, mkononi mwa mmoja wa wanamuziki wake. Kampuni ikachanganya sauti zake upya, ikakata hapa na pale, na Marvin akalalamika kwamba waliongeza hata vipande vya gitaa na besi ambavyo si vyake. Alama ya kuuliza ikaondolewa kwenye jina. Tarehe 15 Januari 1981 albamu ikawa madukani.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu kuna watu wanaodhani kuchanganya sauti ni kazi ya fundi tu, kama kupiga rangi nyumba iliyokwisha kujengwa. Kwa Marvin haikuwa hivyo. Kanda ya studio ya wakati ule ilikuwa na njia nyingi, kila chombo na njia yake: ngoma huku, besi kule, kinanda pembeni. Marvin alizijaza njia hizo kwa sauti yake mwenyewe. Aliimba wimbo mara moja kwa sauti nyembamba, akarudia kwa sauti nzito, akarudia tena kwa kunong'ona, mpaka akawa kwaya ya mtu mmoja. Kisha akakaa kwenye meza ya kuchanganyia sauti kuamua ipi itangulie, ipi ijibu, ipi inyamaze mpaka kibwagizo cha mwisho. Ndivyo alivyotunga tangu What's Going On. Maneno kamili mara nyingi yalikuja mwishoni kabisa, baada ya kuimba silabi tupu zisizo na maana ili kutafuta njia ya sauti. Ukimnyang'anya kanda katika hatua hiyo, umemnyang'anya utunzi ukiwa nusu.

Ushahidi umo ndani ya albamu yenyewe. Wimbo wa tano, Far Cry, ulikuwa haujakamilika kabisa, na Motown wakautoa vilevile. Bendi iko moto, mpiga besi anakimbia, na Marvin anaguna juu yake, anatoa nusu maneno, anameza nusu nyingine, anapaza sauti ghafla, anarudi kuguna. Sikio lisilojua linadhani ni ubunifu, na nimesoma wapenzi wake wakiusifia hivyo. Lakini ni mtu anayejaribu njia, anayedhani mlango wa studio umefungwa na hakuna anayemsikiliza. Kila nikiusikia napata aibu kwa niaba ya waliouweka pale, maana hakuna mtu ndani ya kampuni ile, iliyomrekodi kwa miaka 20, ambaye hakujua Marvin anafanyaje kazi.

Upande wa kampuni nao una hoja. Walikuwa wamesubiri tangu 1979, albamu moja ilishaondolewa mezani, na mwimbaji wao alikuwa nje ya nchi, amezama kwenye kokeini, hapatikani. Biashara haiendeshwi kwa kungoja mtu apate amani ya moyo. Kama Motown wangekwenda mahakamani kudai kazi waliyoilipia, au wangemwekea tarehe na kuisimamia, ningewaelewa. Walichofanya ni kuchukua daftari la mtu, kulijazia wao, na kuliuza kwa jina lake. Na hawakupata hata faida waliyoitafuta. Praise ulifanya vizuri kiasi kwenye chati za soli, muziki wa Wamarekani weusi, wasikilizaji wa jumla hawakuujali, na Marvin akaapa kwamba hatairekodia Motown tena.

Hakuwarudia. Februari 1981 alihamia Ostend, mji wa pwani ya Ubelgiji, kwa msaada wa promota mmoja wa huko, Freddy Cousaert. Akawa anakimbia ufukweni, anafanya mazoezi ya ndondi, anapunguza unga. Mwaka 1982 kampuni nyingine ya kurekodi, CBS, wakanunua mkataba wake kutoka Motown, naye akatunga Sexual Healing juu ya mashine ya ngoma, akarekodi sehemu kubwa ya Midnight Love katika studio ya Ohain, hukohuko Ubelgiji. Albamu ikatoka Oktoba mwaka huohuo. Februari 1983 wimbo ule ukampa tuzo mbili za muziki za Grammy, za kwanza maishani mwake.

Hili ndilo linalowajibu wanaosema Marvin asingemaliza kamwe, kwa hiyo Motown walituokolea albamu. Alimaliza. Alipewa mkataba mpya, watu wa kumsimamia na chumba chenye utulivu, akamaliza ndani ya mwaka mmoja. Kinachoniuma ni kwamba ile ya CBS, kwa utamu wake wote, imekwepa maswali aliyoyafungua London. Mapenzi yamerudi, Shetani ameondolewa mezani, na mabomu hayatajwi. Sisemi ni mbaya, ninayo na ninaipenda. Nasema yale mazungumzo yalikatwa katikati, na hayakupata nafasi nyingine, kwani tarehe 1 Aprili 1984, siku moja kabla ya kutimiza miaka 45, Marvin alipigwa risasi na baba yake mwenyewe nyumbani kwao Los Angeles.

Mwaka 2007 lilitoka toleo la diski mbili lililorudisha alama ya kuuliza kwenye jina, likakusanya pamoja nyimbo za Love Man na michanganyo ya studio ya Odyssey ambayo Motown waliiacha. Hilo ndilo ninalowashauri wasomaji walitafute. Msitegemee kukuta albamu tofauti kabisa, kwa sababu midundo ni ileile na nyimbo nyingi ni zilezile. Utakachopata ni nafasi ya kumfuata mtu hatua kwa hatua: hapa anajigamba, hapa anajishtukia, hapa maneno yamebadilika na mdundo haujabadilika. Mimi nawaambia rafiki zangu waanze na Love Man, waende kwenye michanganyo ya London, na toleo la 1981 liwe la mwisho, kwa sababu ukianza nalo masikio yatalizoea na mengine yote yatasikika kama majaribio, wakati mambo yalikuwa kinyume.

Heavy Love Affair msiuharakishe, hasa sauti za nyuma, na wimbo wa mwisho wenye jina la albamu usikilizwe kwa sauti ya juu. Far Cry mimi nauruka. Marvin hakutaka tuusikie ukiwa vile, na mimi namwachia hilo.