Hukumu Yetu na Haki ya Mwenyezi Mungu

Kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kuyaachia mabaraza ya kata ya Tanzania Bara kazi ya usuluhishi tu, nilikuwa mmoja wa wajumbe waliokuwa na mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi katika kata yetu, na lipo shauri moja ambalo mpaka leo likinijia usiku hunikosesha usingizi.

Mdai alikuwa mwanamume msemaji, aliyefika na karatasi ya mauziano na mashahidi wawili. Mdaiwa alikuwa bibi mjane, ambaye kila tulipomuuliza mpaka wa shamba lake alijibu kwa kusitasita kwamba marehemu mumewe alipanda mibono kuanzia kwenye mwembe hadi njia ya kisimani. Hatukwenda kuiangalia hiyo mibono. Shamba lilikuwa mbali, jua lilikuwa kali, na karatasi ilikuwa pale mezani. Tukampa ushindi mwenye karatasi. Msimu uliofuata, vijana waliokuwa wakifyeka shamba hilo walikuta visiki vya mibono vimejipanga mstari mmoja chini ya nyasi, kutoka mwembeni hadi njiani. Bibi alikuwa ameshafariki.

Katika hadithi iliyopokewa na Ummu Salama, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwaambia waliomletea mashtaka kwamba yeye ni mwanadamu, kwamba huenda mmoja wao akawa hodari zaidi wa kujieleza, naye akahukumu kwa alichokisikia, basi atakayepewa haki ya nduguye asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa Mtume mwenyewe alisema hivyo, mimi mjumbe wa kata nilipata wapi yakini yote ile? Hukumu yetu ilihamisha shamba, lakini haikulihalalisha, kwa sababu Mwenyezi Mungu hahitaji karatasi ili ajue ni nani aliyepanda mbono.

Kwa hiyo nakusihi wewe unayeketi kuamua, iwe ni katika kikao cha ukoo, cha kikundi cha kukopeshana au cha msikiti: usimhesabie mtu kigugumizi chake kuwa ni uongo, nenda ukaone kwa macho yako, na ukishagundua kwamba umekosea, usijifiche nyuma ya muhuri. Nawe uliyeshinda huku moyo wako ukijua, rudisha ungali hai.

Mimi nilikwenda kwa watoto wa marehemu. Niliwaeleza kwamba muda wa siku 45 wa kukata rufaa ulikuwa umepita, lakini msimamizi wa mirathi angeweza kuomba kuongezewa muda katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nami nikaahidi kueleza mbele ya yeyote yale niliyoyaona. Mwanawe mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kwa nini siku ile hatukwenda shambani. Sikuwa na jibu la kumpa.