Dada, hiyo shampoo iweke chini: kasuku huogeshwa kwa maji matupu

Sijasalimia, nitasalimia baadaye. Umeandika kasuku wako wa kijivu anamwaga unga mweupe, unadhani ni mba, na muuza ndege amekwambia umwogeshe jioni kwa shampoo ya watoto, umpulizie maji yenye mafuta ya nazi ili manyoya yang'ae, kisha umkaushe kwa drai. Haya ndiyo niliyoambiwa mimi huku Muscat, sokoni, na mzee mmoja mwenye ndevu za kuaminika kabisa. Hawa watu sijui wamesomea chuo gani.

Kwanza, ule si mba. Kasuku wa kijivu ana vinyoya laini karibu na ngozi ambavyo vinakatikakatika ncha zake na kuwa unga, na unga huo anajipaka mwenyewe mwili mzima anapojichambua. Ukiukuta umetanda juu ya televisheni, shukuru. Wa kutia wasiwasi ni yule aliyeacha kutoa unga mpaka mdomo ukabaki mweusi wa kumeta. Huyo ndiye wa kupelekwa kwa daktari. Na mafuta pia anayo, kuna tezi ndogo juu ya mkia, anaigusa kwa mdomo na kusambaza kiasi anachokitaka yeye. Sasa wewe na chupa yako ya mafuta ya nazi unakwenda kumsaidia nini?

Mimi nilikwenda kumsaidia. Nilimwogesha Sultani, kasuku wangu, baada ya Isha, kiyoyozi kinaunguruma, maana huku bila kiyoyozi hulali. Shampoo nikaisuuza nusunusu, kwa sababu ukimweka kasuku chini ya bomba anakung'ata mpaka unasahau jina lako. Kisha nikachukua chupa ya kupulizia. Mafuta na maji hayachanganyiki, jambo ambalo nilifundishwa darasa la tano, lakini usiku ule elimu ilinikimbia. Mara za mwanzo yalitoka maji. Kisha yakaja mafuta yenyewe, moja kwa moja kifuani.

Manyoya ya kifua yakagandana vijiti vijiti, katikati ngozi nyekundunyekundu inaonekana. Ndege akihisi baridi hujitutumua, manyoya yakasimama na kuweka hewa ndani, na hewa hiyo ndiyo blanketi lake. Sultani akajitutumua, mwili ukatikisika, manyoya hayakunyanyuka. Akajaribu tena. Mimi bado nafurahi kwamba anang'aa! Nikawasha drai, akaruka akajigonga kwenye nyavu za tundu, nikaizima. Nikaenda kulala. Ndiyo, nililala, msinicheke. Wangapi humu wamewapaka watoto wao mafuta ya nazi na hawakupatwa na kitu? Nami niliona ni mtoto.

Alfajiri nikamkuta chini kabisa ya tundu, juu ya maganda ya alizeti, na mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi. Mkia ukicheza hivyo ndege yuko taabani, anapumua kwa nguvu zote. Joto la mwili wake ni nyuzi 40 na kitu, juu ya letu, na mwili ule ni mdogo, hauwezi kulipoteza usiku kucha akabaki salama.

Daktari alinionesha unyoya mmoja kwenye mwanga. Nyuzi zake zimeshikana kwa vikulabu vidogovidogo kama zipu, na kila akijichambua anaifunga zipu upya. Mafuta yanaviziba vyote. Zaidi ya hapo, anavyojichambua anayameza. Ikabidi aogeshwe kwa sabuni ya vyombo na maji vuguvugu, tena na tena, akatiwa kwenye sanduku la joto. Kabla hamjanirukia: ile ilikuwa kazi ya daktari, kuyatoa mafuta, si ya kuogeshea. Pesa niliyoitoa ningechinja mbuzi wa Idi na kuku wa kumsindikiza.

Akapona, lakini hadithi haikuisha. Manyoya yaliyoharibika hayatengenezeki, yanasubiri apukutishe aote mengine, na hiyo ni kazi ya miezi. Akaanza kuyang'oa mwenyewe. Kasuku wa kijivu wakishaanza tabia hiyo, kuiacha ni shughuli. Mpaka leo kifua chake kama kuku aliyetoka sokoni, na wageni wananiuliza namlisha nini.

Nilirudi kwa yule mzee. Akanisikiliza vizuri, akasema, "Uliweka mengi." Mengi kuliko kipimo gani? Kipimo hakunipa! Halafu akaniuliza kama nataka mwengine, ana bei nzuri.

Basi shika hili moja: kisicho maji hakimgusi. Si shampoo ya watoto, si siki, si mshubiri, wala maji ya marashi, maana najua shangazi atakuja nalo. Ndugu zao wako kwenye misitu ya Kongo, mvua inawanyeshea, na hakuna anayewapelekea sabuni. Chupa ya kupulizia iwe mpya, isiwe ile iliyokuwa na dawa ya vioo. Maji vuguvugu, asubuhi, ili kabla ya magharibi awe amekauka mpaka ndani. Pulizia juu ya kichwa chake yamwangukie kama manyunyu, usimlenge usoni. Akipenda atafungua mabawa na kuning'inia kichwa chini kama kichaa. Asipopenda atakimbilia pembeni, mwache, mwekee bakuli pana lenye maji kidogo aingie mwenyewe. Usimshike kifua kumlazimisha. Ndege hana kiwambo kama chetu, ule msuli wa chini ya mapafu, anapumua kwa kutanua kifua, ukimbana unamziba.

Kiyoyozi na feni vizimwe mpaka akauke. Na drai sahau kabisa. Baadhi yake ndani zina ule utando wa vikaango visivyogandisha chakula, na utando huo ukipata moto kupita kiasi unatoa mvuke unaoua ndege hata wewe hujasikia harufu.

Uliuliza pia habari za kucha na kuzungumza, sijui, wengine watakujibu. Ila ujumbe wako ni wa jana, na nina hofu umeshafanya. Kama mafuta yameshaingia, usianze kumsugua. Mtie kwenye boksi, mweke penye joto, na asubuhi hii hii uende kwa daktari wa ndege. Kwa muuzaji usipite.