Kopo la butani halijazwi gesi ya mtungi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Mwanga, Kigoma. Nina jiko dogo la kusafiria linalotumia kopo lililoandikwa “butane”. Makopo hayo huku ni adimu, kwa hiyo kuna kijana hunijazia kopo tupu kutoka kwenye mtungi wa kilo 15. Anasema butani na gesi ya mtungi ni kitu kimoja. Mwanangu wa kidato cha nne anabisha, eti kuna butani, propani, buteni na butanoli, na kila moja ina tabia yake. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba, dada. Mwanao ndiye mkweli, na kopo hilo usiliwashe tena.

Buteni na butanoli tuziache kwa mwanao na daftari lake. Buteni, C4H8, ni malighafi ya viwanda vya plastiki, na butanoli ni kimiminika cha jamii ya pombe. Hazimo kwenye jiko lako. Shida yako ni butani na propani, maana gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa hizo mbili, na kiasi cha kila moja hubadilika kulingana na ilikotoka.

Butani ni C4H10, propani ni C3H8. Anayeona hiyo tofauti ya kaboni moja ni ndogo aangalie presha. Butani huchemka karibu nyuzi sifuri, propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwenye joto la nyuzi 30, ambalo Kigoma mnalijua vizuri, butani ndani ya chombo ina presha ya karibu ba 3 (ba ni kipimo cha presha). Propani, joto hilohilo, inafika karibu ba 11. Kopo lako ni bati jembamba, limetengenezwa kwa butani, litumike mara moja litupwe. Ukilitia mchanganyiko wenye propani unalibebesha mzigo ambao halikuumbiwa.

Halafu huyo kijana anajuaje kwamba limejaa? Mtungi kiwandani hujazwa kwa mizani, na huachwa nafasi ya karibu asilimia 20 ili gesi iliyo katika hali ya kimiminika ipate pa kutanukia. Yeye anapindua mtungi, anasikiliza mlio, basi. Kopo likijaa pomoni kisha likapata joto la jua au la jiko lenyewe, kile kimiminika hutanuka na bati hupasuka. Na gesi hizi zote ni nzito kuliko hewa. Zikivuja hazipandi juu zikapotea, hutambaa sakafuni mpaka zikute moto.

Neno “gesi ni gesi” nimelisikia mpaka limenichosha, na wanaolisema kwa kujiamini zaidi ni mafundi wa friji. Friji nyingi za siku hizi hutumia isobutani, ambayo kibandiko huiita R600a. Fomula yake ni ileile C4H10, lakini kaboni zake zimepangwa kwa tawi, hivyo huchemka kwenye nyuzi 12 hivi chini ya sifuri. Friji nyingine hutumia R134a, ambayo si jamii hiyo kabisa na haishiki moto kirahisi. Fundi wa mitaani anachukua kopo la gesi ya viberiti, anaisindilia humohumo, analipwa, anaondoka. Butani ya kawaida, kwenye baridi ya friza, presha yake hushuka chini ya ile ya hewa ya nje. Penye tundu dogo mfumo huvuta hewa na unyevu ndani, na kompresa inakufa. Aliyeweka gesi ya kupikia ndiyo kaharibu zaidi, kwa sababu propani hupandisha presha kupita kiasi. Na friji iliyoundwa kwa R134a ina swichi na relei zinazotoa cheche bila kinga yoyote, kwani mtengenezaji hakutegemea gesi inayowaka. Ikivuja usiku ndani ya chumba kilichofungwa, cheche moja ya relei inatosha.

Kwa hiyo wewe nunua mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo chake, na kopo hilo litoe nje leo, likae kivulini mbali na moto na mitaro. Usilitoboe wala usilitupe kwenye takataka zinazochomwa. Na mwenye friza la migebuka, kabla fundi hajafungua chochote, amwambie asome kibandiko kilicho nyuma kwa sauti. Akisoma R134a huku ameshika kopo la viberiti, kazi hiyo asipewe.